Tumechoka Kuwa Wenyeji wa Stanley

Niseme mapema ili tusigombane bure: sina ugomvi na Stanley Bapa. Ni mtoto mzuri. Hali, hanywi, halii usiku, na ukimkunja anaingia kwenye bahasha. Ugomvi wangu ni na sisi tunaompokea. Tunamkaribisha, tunampiga picha, tunamrudisha kwao, halafu tunakaa kumsubiri mwingine. Swali dogo kabisa hatujiulizi: wa kwetu yuko wapi?

Kwa wasiomjua, nieleze kidogo. Mwaka 1964 mwandishi Mmarekani, Jeff Brown, alitoa kitabu kifupi cha watoto kiitwacho Flat Stanley, chenye michoro ya Tomi Ungerer. Ndani yake mtoto Stanley Lambchop anaangukiwa na ubao wa matangazo usiku akiwa kitandani. Asubuhi anaamka mzima wa afya, ila amekuwa bapa kama chapati. Anapita chini ya mlango. Anarushwa angani kama tiara. Na siku wazazi wake wanapotaka kumpeleka California kumtembelea rafiki, wanaona nauli ya nini, wanamtia kwenye bahasha na kumtuma kwa posta.

Mwaka 1995 mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko London, ile ya Ontario, Canada, jina lake Dale Hubert, alilichukua wazo la bahasha akalifanya mchezo wa darasani. Kila mtoto anachora Stanley wake, anampaka rangi, anamkata kwa mkasi, anamtuma kwa mtu wa mbali pamoja na barua. Mwenyeji anamtembeza mjini, anampiga picha, anaandika walichokiona, kisha anamrudisha. Mchezo ukaenea dunia nzima. Leo ukimwona mtu mzima amesimama mbele ya mnara fulani mashuhuri ameshika kitoto cha karatasi na kutabasamu mwenyewe, usimdhanie kachanganyikiwa. Yuko kazini kwa mpwa wake.

Na huu mchezo ni wa akili sana. Shuleni kwetu mtoto huandika insha ya "Safari Niliyoifurahia" kwa ajili ya mwalimu mmoja mwenye kalamu nyekundu, na mwalimu huyo anaishi mtaa uleule. Hakuna anachomweleza ambacho mwalimu hakijui. Lakini mtoto anayemwandikia mwenzake aliye mbali analazimika kueleza. Bajaji ni nini. Kwa nini kuna ukungu mwezi wa saba. Kwa nini watu wote stendi wanavaa makoti ya mitumba na shingoni wamezungusha mitandio. Akilazimika kueleza, analazimika kwanza kutazama. Hapo ndipo uandishi unapoanza, na kwa gharama ya manila, gundi na stempu.

Kwa hiyo mchezo wenyewe naupenda. Ninachokichukia ni nafasi tuliyopewa ndani yake, na jinsi tulivyoikubali bila hata kunung'unika.

Tazama majina ya vitabu. Kuanzia mwaka 2009 Stanley ameendelezwa na waandishi wengine katika mfululizo wa safari za dunia. Kitabu cha kwanza kinampeleka Mount Rushmore. Cha pili ni Misri, cha tatu Japani, cha nne Canada, cha tano Meksiko. Cha saba kinawataja Wachina, cha nane Australia, cha kumi na moja Ufaransa. Kuna hata kitabu kizima cha Alamo, ngome moja tu ya huko Texas. Je, cha sita? Cha sita kinaitwa The African Safari Discovery. Basi. Nchi zaidi ya hamsini, ukiitoa Misri iliyopewa kitabu chake kwa sababu ya makaburi yake, zimetiwa kwenye kapu moja. Na kapu lenyewe limefungwa kwa neno letu!

Neno safari ni letu, jamani. Limeingia katika lugha za watu kutoka kwetu, na kule likapunguzwa hadi likabaki na maana ya gari lisilo na paa na mtu mwenye darubini. Kwetu safari ni kwenda Tukuyu kumzika shangazi. Ni kijana wa kidato cha kwanza na sanduku lake la bati anakwenda bweni. Ni muuza mchele wa Kyela anayelala juu ya magunia yake. Simba hayumo katika safari hizo, na zote ni safari.

Mambo haya nisingeyaandika kama yangekuwa ya kwenye majalada tu. Yalinifika. Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Canada na familia yake. Miaka michache iliyopita binti yake alitumwa na darasa lake amtafutie Stanley wake mwenyeji, na mwenyeji nikawa mimi. Bahasha ilinifikia kwenye sanduku la posta la ofisi. Ndani kulikuwa na kijana wa karatasi mwenye sweta ya bluu, na barua iliyochapwa ikiniomba nimwonyeshe wanyama na jinsi watu wa jamii yangu wanavyoishi.

Nikasema sawa. Wanyama nitawatafuta, ila tuanze na jinsi watu wanavyoishi. Mimi ni mtu wa Mbeya, na Mbeya ni jiji. Siku tatu nikamtembeza. Tulianzia Sokomatola asubuhi na mapema, Mlima Loleza ukiwa bado umejifunika ukungu. Tukapanda daladala hadi Mwanjelwa, soko lililowahi kuteketea kwa moto mwaka 2006 likajengwa upya. Mama mmoja muuza viazi akamshika Stanley, akamgeuzageuza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto wa nani?"

"Wa dada yangu, yuko Canada."

"Mbona mwembamba hivi? Huko hawali?"

Nikapiga picha: Stanley juu ya gunia la viazi, mkono wa mama umemshika kiuno asipeperuke. Tukaenda stesheni ya TAZARA, nikamwandikia binti kwamba reli hii ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kwamba ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Nikampeleka mtaa wa Soweto na mtaa wa Ghana, nikaeleza kwamba Mbeya unaweza kwenda Ghana kwa bajaji na kurudi kabla chai haijapoa. Nikaona nimefanya kazi nzuri. Nikatuma.

Siku kumi baadaye ujumbe wa dada ukaingia WhatsApp: mwalimu anashukuru sana, picha nzuri sana, ila watoto wanauliza, simba hakuna? Halafu dada mwenyewe akaongeza, kwa upole wake wa siku zote: "Mdogo wangu, si uende hata Ruaha siku moja?"

Nikamjibu: "Dada, nauli ya Ruaha utanitumia wewe? Mimi mwenzako simba namwona kwenye noti ya elfu mbili." Nikampiga picha Stanley akiwa ameegemea noti hiyo, nikatuma. Sijui kama ilibandikwa ukutani.

Sasa, kuna njia nyepesi ya kuimaliza habari hii. Ningeweza kuwalaumu wale watoto wa Canada na mwalimu wao, nikamalizia na maneno makali kuhusu mtazamo wa Wazungu juu ya Afrika, na mitandaoni ningepigiwa makofi. Lakini hebu tuwe wakweli. Mtoto wa miaka minane wa Ontario angeijulia wapi Mwanjelwa? Nani alimwandikia? Sahau Ontario. Mtoto wa miaka minane wa Iringa, kilomita 330 hivi kwenye barabara ileile ya lami, anaijulia wapi Mwanjelwa? Kitabu gani cha hadithi kimempeleka?

Hapo ndipo penye kesi yangu, na washtakiwa wako kwenye ukumbi huuhuu: sisi tunaoandika, tunaochapisha, tunaohakiki na tunaojiita wapenzi wa fasihi.

Chukua hadithi zetu za watoto zilizo karibu nawe, soma sentensi za kwanza tu. Hapo zamani za kale. Katika kijiji kimoja. Palikuwa na mzee mmoja. Kijiji kipi? Hakina jina. Kiko chini ya mlima gani? Haujulikani. Basi linalokwenda huko linatokea stendi gani? Hakuna basi, kuna sungura na fisi. Nawapenda sungura na fisi, nimelelewa nao, bibi yangu alikuwa na fisi mmoja mlafi kiasi kwamba mpaka leo nikila haraka nasikia aibu. Lakini bibi alikuwa na sababu ya kutotaja mahali: mahali palikuwa hapohapo, nje ya mlango. Fisi wake alipita nyuma ya zizi letu. Mtoto hakuhitaji kuambiwa kijiji gani. Sisi tumeichukua hadithi ile, tumeing'oa kutoka kwenye lile zizi, tumeichapa kwa nakala nyingi, na kijiji kilichokuwa chetu kikawa kijiji cha popote. Na kijiji cha popote ni kijiji cha hakuna.

Mijini hali ni mbaya zaidi. Miji ikitokea katika hadithi za watoto wetu, mara nyingi ni Dar es Salaam, tena Dar ya kuogopesha, ya kupotea, ya kuibiwa, ya kurudi kijijini ukiwa umejuta. Mtoto wa Kabwe, aliyezaliwa jijini Mbeya, anayevuka barabara kila asubuhi katikati ya malori ya Tunduma, akisoma kwamba mjini ni mahali pabaya aendako mtoto mkaidi, ajifunze nini? Yeye tayari yuko mjini. Hakwenda kwa ukaidi. Alizaliwa.

Mtanisema kwamba hatuna mapokeo ya kuandika safari. Hilo ni la uongo, na linaniudhi kuliko yote. Mwaka 1896 Mswahili aitwaye Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia akaandika kwa Kiswahili alichokiona. Maandishi yake yakachapwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Fikiria hilo: kabla babu zetu wengi hawajaona treni, mtu wetu alikuwa Siberia, anawatazama Warusi na kuwaeleza kwa lugha hii tunayoitumia kutumiana vichekesho. Shaaban Robert naye, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliwatuma wajumbe wake pande zote wakaone nchi nyingine zinaishije, warudi waseme. Mwenye kutuma alikuwa sisi. Mwenye kutazama alikuwa sisi. Lini tukaamua kwamba kazi yetu ni kutazamwa?

Hata tafsiri zinatusuta. Alice wa Lewis Carroll ameingia Kiswahili mwaka 1940, akaingia tena kwa tafsiri mpya mwaka 2015. Ni jambo jema, sisemi kinyume. Mtoto wetu anaweza kutumbukia katika shimo la sungura la Mwingereza kwa Kiswahili safi, mara mbili. Basi nionyesheni hadithi inayomshusha Ziwa Ngosi, lililo ndani ya tundu la volkano mwendo mfupi tu kutoka jijini Mbeya. Nionyesheni inayompeleka Mbozi. Stanley aliangukiwa na ubao wa matangazo, dunia nzima ikamjua. Sisi pale Mbozi tuna kimondo, chuma cha tani 16 hivi kilichoanguka kutoka angani, na katika hadithi zote nilizosoma utotoni hakuna mtoto hata mmoja aliyefanywa bapa nacho. Angani kumetuletea mwanzo wa hadithi bila malipo. Tumeuzungushia uzio, tumeweka kibao, tumeondoka.

Tuje Iringa sasa, maana ndiko mtoto wangu wa karatasi atakakokwenda kwanza.

Kama kuna mji ambao haupaswi kabisa kusubiri mgeni auletee hadithi ya safari, ni Iringa. Wahehe wana safari moja ya kweli inayoishinda ya Stanley kwa kila kipimo. Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wao, Zelewski. Miaka saba baadaye, Julai 1898, Mkwawa alijiua kuliko kukamatwa, na kichwa chake kikakatwa. Mwaka 1919, mataifa makubwa yalipokaa Versailles kumaliza vita vya dunia, ndani ya mkataba wenyewe, kifungu cha 246, wakaandika kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita! Ilichukua miaka 35. Fuvu likapatikana kwenye makumbusho ya Bremen, likarudi mwaka 1954, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Leo liko Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka mjini.

Mtoto bapa wa Marekani alisafiri kwa bahasha kwenda California akarudi salama, hadithi imechapwa na kuchapwa tena. Babu wa Iringa alisafirishwa vipande, akatajwa kwenye mkataba wa dunia, akarudi baada ya zaidi ya nusu karne, na mtoto wa darasa la tatu pale Kihesa anaambiwa habari zake kama jibu la mtihani: Mkwawa alikuwa chifu wa kabila gani? (a), (b), (c). Hakuna anayemwambia akae chini, atafakari hiyo safari, amwandikie mtoto wa Mbeya: njoo nikuonyeshe, huyu babu yetu alikwenda mbali kuliko sisi sote, na alirudi.

Na Kalenga ni moja tu. Kuna Gangilonga, jiwe kubwa juu ya mji, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Jiwe linaloongea, ndugu zangu! Nani hapa ni mwandishi wa watoto na bado hajalipa hilo jiwe sauti? Kuna Isimila, kilomita 20 hivi kwenye barabara ya kuja Mbeya, penye zana za mawe zilizotengenezwa na watu zaidi ya miaka laki mbili iliyopita, na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kama maghorofa. Mabasi ya Mbeya yanapita hapo kila siku. Abiria wamelala, filamu ya mapigano inaonyeshwa kwenye runinga ya basi.

Kisha kuna jambo linalonichekesha kwa uchungu. Huyu mtoto wa karatasi tunayemsubiri kutoka ng'ambo, karatasi tunayo sisi! Ukitoka Mbeya kwenda Iringa, ukishapita Makambako unaingia kwenye misonobari na mikaratusi ya shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Ndani huko Mufindi kuna kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Iringa mjini kuna Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu, ambako wamekuwa wakitengeneza karatasi hata kwa mavi ya tembo. Nyanda za Juu Kusini ndiko kwenye karatasi ya nchi hii. Tuna mti, tuna kiwanda, tuna mavi ya tembo. Kilichokosekana ni mtu wa kuchukua mkasi.

Nimeshayajaribu mawazo haya kwenye vijiwe vya waandishi, na majibu nimeyazoea. Niyapitie.

La kwanza: "Huo mchezo ni wa kizungu." Ndiyo. Na mpira wa miguu? Na riwaya? Shairi huru nalo lilipigwa vita likiitwa la kizungu, leo linafundishwa. Kitu kinakuwa chetu pale tunapokitumia kusema la kwetu. Kukikataa kwa sababu kimetoka Ontario, huku tukiendelea kukipokea kila kikija na bahasha ya Ontario, huo ndio ukoloni wenyewe: mgeni anaruhusiwa kucheza nyumbani kwetu, watoto wetu hawaruhusiwi.

La pili: "Watoto wenyewe hawana hata madaftari." Hili nalisikiliza kwa heshima, kwa sababu mwalimu mwenye watoto themanini darasani hasemi utani. Lakini hesabu. Karatasi moja ya manila inatoa watoto wa karatasi wengi. Darasa zima halihitaji bahasha themanini, linahitaji moja: mtoto mmoja wa karatasi wa darasa zima, anakwenda shule moja ya Iringa, anakaa mwezi, anarudi na daftari lililojaa. Kama posta ni tabu, mpe kondakta wa basi. Makondakta wetu hubeba funguo za nyumba, dawa za wazee, kuku hai na barua za posa. Watashindwa na mtoto wa karatasi?

La tatu: "Siku hizi kuna simu, mambo ya karatasi ya nini?" Kwa sababu picha ya simu haikulazimishi kueleza. Unaituma, mwenzako anaweka kidole gumba, mmemalizana. Mtoto wa karatasi akifika hana sauti wala picha ya mahali alikotoka. Anayemtuma lazima aandike, na anayempokea lazima ajibu. Halafu, mtoto wa shule ya msingi ya serikali simu anaipata wapi?

La nne, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: "Hayatoki kwenye mtihani." Hapo sina jibu la kistaarabu. Nitasema hivi tu: nimekaa kwenye vyumba vya habari zaidi ya miaka kumi, nimewaona vijana waliofaulu mitihani yote wakitumwa Mafiati kuandika habari ya moto, wakarudi na aya tatu ambazo zingeweza kuwa za Mafiati, za Morogoro au za mwezini. Hawajui kutazama. Wamefundishwa kwamba mahali wanapoishi hapaelezeki, hapana cha kueleza. Kijana huyo huyo mpe aandike juu ya Paris ambayo hajawahi kuiona, atakupa kurasa mbili na mnara ndani yake.

Ndiyo maana naliita hili jambo zito. Mtoto asiyewahi kukuta mtaa wake ndani ya kitabu hajifunzi kwamba kitabu kimesahau. Anajifunza kwamba mtaa wake haustahili. Akikua anakuwa diwani anayebomoa nyumba ya zamani bila kupepesa jicho, anakuwa mwalimu anayeanza insha na hapo zamani za kale, anakuwa mchapishaji anayemwambia mwandishi, "Hii Mwanjelwa iondoe, weka tu sokoni, ili kitabu kiuzike nchi nzima." Kwani Alamo waliiondoa ili Stanley auzike dunia nzima?

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na nayaelekeza kwa watu wenye majina ya kazi zao.

Mwalimu wa Mbeya, kata mtoto mmoja wa manila. Mvike sweta, huku ni baridi. Usimwite Stanley. Darasa limpigie kura jina. Mtume Iringa akiwa na barua inayosema tumetoka wapi, Loleza inaonekanaje dirishani kwetu, na jina la Mafiati lilitoka wapi, baada ya watoto kwenda kumuuliza mzee mmoja na kuandika jibu lake. Mwalimu wa Iringa, mpokee kwa "kamwene" na umpeleke Gangilonga. Mrudishe na daftari. Mwaka unaofuata aende Songea, Sumbawanga, Kigoma. Na siku akishajua kueleza kwao, basi aende na Ontario, wakamwonyeshe theluji, na wao wajue maana ya kuulizwa: dubu hakuna?

Mwandishi wa watoto, taja mtaa. Taja stendi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imewafungulia mlango waandishi wa hadithi za watoto, na mlango huo usipitwe na vijiji visivyo na jina. Ukiandika fisi, mwandike fisi wa Uyole, anayejua bei ya mahindi.

Mchapishaji, usimfutie jina la mtaa wake.

Na wewe msomaji, mpenzi wa vitabu mwenye mpwa ng'ambo, safari ijayo bahasha ikikufikia, mpokee mgeni vizuri, mtembeze, mlishe kwa macho. Ila usimrudishe peke yake. Ndani ya bahasha hiyohiyo weka na wa kwako, aliyekatwa na mtoto wa jirani, mwenye jina lake na mtaa wake nyuma ya mgongo, na barua fupi: huyu anatoka Mbeya, naye amekuja kutazama. Tafadhali mtembezeni, na mwandike mlichomwonyesha.